Chuma mwilini: Ni nani atakayewahi kiti?

Msomaji mpendwa, leo ukiwa kanisani, sokoni au ndani ya matatu, hebu watazame watu walio karibu nawe. Yule kijana anayechechemea kidogo huenda ana msumari wa chuma ndani ya mfupa wa mguu tangu siku alipoangushwa na bodaboda. Yule nyanya anayepanda ngazi polepole huenda nyonga yake moja si ile aliyozaliwa nayo. Na yule mwalimu anayetabasamu huenda jino lake moja limesimama juu ya skrubu ndogo iliyopandwa katika taya. Kwa macho tu huwezi kuwatambua. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hujafa hujaumbika. Siku hizi wako wengi wanaotembea, wanaofanya kazi na kulea watoto kwa sababu daktari aliwatia chuma pale mfupa uliposhindwa.

Lakini je, umewahi kujiuliza ni kwa nini mtu hupasuliwa vizuri, chuma kikawekwa vizuri, kidonda kikashonwa vizuri, na bado baada ya wiki kadhaa akarudishwa hospitalini mguu ukitoa usaha? Hapo ndipo lawama huanza. Wengine humlaumu daktari, wengine jirani mwenye kijicho, na wengine husema tu kwamba mwili umekikataa chuma. Aghalabu mwili haujakataa chochote. Kilichotokea ni kuwa mgeni asiyealikwa amekalia kiti kabla ya mwenyewe kufika.

Jumapili hii tutazungumza juu ya kiti hicho, na juu ya wanasayansi wanaojaribu kukiwekea mlinzi.

Metali isiyogombana na mwili

Katika mazungumzo ya kila siku, kila metali ni chuma. Lakini vyuma vinavyotiwa mwilini, ambavyo wataalamu huviita vipandikizi, ni vya aina mbalimbali. Vipo vya chuma kisichoshika kutu, vipo vya mchanganyiko wa kobalti na kromu, na vipo vya titaniamu. Hii titaniamu ndiyo inayosifiwa zaidi linapokuja suala la kushikana na mfupa.

Jina lake si geni kwetu. Huko Kwale, katika pwani yetu, mchanga wenye madini ya ilmenaiti na rutili, ambayo ndiyo asili ya titaniamu, ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024 na kusafirishwa kwa meli. Usidhani, hata hivyo, kwamba mzigo wote wa namna hiyo huishia hospitalini. Sehemu kubwa ya madini haya duniani hutengenezewa rangi nyeupe ya kutia katika rangi za kuta, karatasi na plastiki. Ni kiasi kidogo tu kinachogeuzwa kuwa metali yenyewe.

Metali hiyo ina sifa mbili kubwa. Kwanza, ni nyepesi: kipande cha titaniamu kina uzito wa kama asilimia 60 tu ya kipande cha chuma cha ukubwa ule ule, na bado ni imara. Pili, pindi inapogusana na hewa hujivika yenyewe ngozi nyembamba ya oksidi, yenye unene wa nanomita chache. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja. Ngozi hiyo ndiyo huikinga na kutu, na ndiyo ambayo mfupa huikuta unapoisogelea.

Jinsi mfupa unavyoipenda titaniamu iligunduliwa bila kutarajiwa. Mwaka 1952 daktari na mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alipachika humo vifaa vidogo vya titaniamu ili aweze kuchungulia. Kazi ilipokwisha alitaka kuving'oa avitumie tena, lakini vilikataa kutoka. Mfupa ulikuwa umevishika kana kwamba ni sehemu yake. Mnamo mwaka 1965 alimpandia mgonjwa wa kwanza meno juu ya skrubu za titaniamu, na tangu hapo njia hiyo imeenea duniani kote.

Mashindano ya kuwahi kiti

Sasa tatizo li wapi? Tatizo ni kwamba uso ule ule unaoupendeza mfupa huwapendeza bakteria pia.

Fikiria matatu ikisimama kituoni saa kumi na mbili jioni. Viti ni vichache na watu ni wengi. Anayewahi ndiye anayekaa, na akishakaa, ni vigumu kumwinua. Mwaka 1987 daktari wa mifupa wa Marekani, Anthony Gristina, aliandika katika jarida la Science kwamba mambo huwa hivyo hivyo kipandikizi kinapoingia mwilini. Seli za mwili huukimbilia uso wa metali, na bakteria, kama wapo, huukimbilia pia. Seli zikitangulia, hutanda juu ya metali na bakteria hukosa pa kutua. Bakteria wakitangulia, mambo huharibika.

Bakteria waliowahi hawakai kivivu. Hutoa ute unaonata, wakajifunika nao na kuzaana humo ndani. Wataalamu huuita utando wa bakteria. Wewe mwenyewe umewahi kuugusa utando wa namna hii: ni ule utelezi unaokuta ndani ya mtungi wa maji ambao haujasuguliwa siku nyingi, na ule uchafu laini ulio juu ya meno kabla hujapiga mswaki asubuhi.

Ndani ya utando huo, bakteria hupunguza mwendo wao wa maisha, na wengine hulala kabisa. Viuavijasumu vingi, yaani antibiotiki, humuua bakteria anapokua na kugawanyika. Aliyelala dawa humpita. Ndiyo maana bakteria wa utandoni huweza kustahimili dawa mara 1,000 ya ile inayowaua wenzao wanaoelea peke yao. Mgonjwa akipewa kiasi hicho, atadhurika yeye kwanza. Tena, kipande cha metali hakina mishipa ya damu ya kuwapeleka askari wa mwili hadi mlangoni pa adui.

Huenda ukauliza, je, ni bakteria wangapi wanaotosha kuleta balaa hilo? Watafiti wawili wa London, Elek na Conen, walichapisha jibu mwaka 1957 baada ya majaribio kwa watu waliojitolea. Katika ngozi ya kawaida, ilihitajika kuingiza mamilioni ya bakteria waitwao stafilokokasi ndipo usaha utokee. Lakini palipokuwa na uzi mmoja tu wa hariri wa kushonea, idadi iliyotosha ilishuka mara 10,000 hivi, ikawa mamia tu. Ikiwa uzi mmoja waweza kuuregeza ulinzi wa mwili kiasi hicho, itakuwaje kwa msumari wenye urefu wa mfupa wa paja?

Na stafilokokasi hao hawatoki mbali. Wapo juu ya ngozi zetu, na watu wapatao 3 kati ya 10 huwabeba puani bila kujua wala kuugua.

Katika hospitali zenye vifaa vizuri, wanaobadilishiwa nyonga au goti kisha wakapata maambukizi ya ndani ni mmoja au wawili hivi kwa kila 100. Idadi hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa yule mmoja ni msiba. Huenda akapasuliwa tena, chuma kikang'olewa, akakaa miezi akinywa dawa, halafu akatiwa kingine. Kwa aliyevunjika mfupa ukatoboa ngozi na kugusa vumbi la barabara, kama inavyotokea kwa wengi wanaoangushwa na pikipiki, hatari ni kubwa zaidi ya hiyo mara nyingi.

Kukivika chuma koti

Kwa miaka mingi madaktari walimpa mgonjwa dawa kwa njia ya mshipa au ya kumeza, wakitumaini kwamba itafika pale chuma kilipo. Wanasayansi wakajiuliza: kwa nini tusimweke mlinzi juu ya kiti chenyewe? Kwa nini chuma kisiingie mwilini kikiwa tayari kimevaa koti la kuua bakteria? Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ya mipako ya vipandikizi. Nitakutajia njia nne.

Ya kwanza ni fedha. Sisemi fedha ya mfukoni, nasema ile metali ya kutengenezea vidani. Uwezo wake wa kuua viini umejulikana tangu zamani. Chembe za fedha zilizoyeyuka hujishika kwenye protini za bakteria, zikaharibu ngozi yake na kuvuruga mitambo yake ya ndani. Huko Münster, Ujerumani, madaktari waliitumia kwa wagonjwa wa saratani ya mifupa, ambao hutolewa kipande kirefu cha mfupa na kutiwa kiungo kikubwa cha metali. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2010 yalikuwa hivi: kati ya wagonjwa 74 waliotiwa viungo vya titaniamu visivyo na fedha, 13 walipata maambukizi. Kati ya 51 waliotiwa viungo vilivyopakwa fedha, walioambukizwa walikuwa 3. Mwaka 2015 madaktari wa Birmingham, Uingereza, nao walilinganisha makundi mawili ya wagonjwa 85 kila moja. Kwenye kundi lisilo na fedha waliambukizwa 19, na kwenye kundi la fedha 10.

Njia ya pili ni iodini. Hii unaifahamu, kwani hutiwa katika chumvi ya mezani na hupakwa kwenye vidonda. Katika Chuo Kikuu cha Kanazawa, Japani, Profesa Hiroyuki Tsuchiya na wenzake waliizamisha titaniamu ndani ya maji ya dawa na kupitisha umeme. Ngozi yake ya oksidi ikanenepa na kuwa na vishimo vingi vidogo mno, na ndani ya vishimo hivyo wakaihifadhi iodini. Mwaka 2012 walitoa ripoti ya wagonjwa 222 waliotiwa vipandikizi hivyo, baadhi kwa kuzuia maambukizi na wengine kwa kutibu yaliyokwisha kuingia. Kwa kuwa iodini yaweza kuathiri tezi ya shingoni, waliichunguza tezi hiyo pia, wala hawakuona kasoro.

Ya tatu ni kuutia msumari dawa yenyewe. Ulaya wana msumari wa titaniamu wa kuunganisha mfupa wa muundi ambao umepakwa dawa ya gentamaisini, ikiwa imechanganywa na kitu kama plastiki kinachoyeyuka polepole mwilini. Sehemu kubwa ya dawa hutoka katika siku chache za mwanzo. Usione ni upungufu. Hizo ndizo siku ambazo mashindano ya kiti huwa makali.

Njia ya nne haitumii dawa hata kidogo, nayo imetoka kwa wadudu. Mwaka 2012 watafiti wa Australia, wakiongozwa na Profesa Elena Ivanova, walitangaza kwamba bawa la nyenze, yule mdudu apigaye kelele mitini wakati wa jua, huua baadhi ya bakteria wanaotua juu yake. Hawauawi kwa sumu. Uso wa bawa umejaa vijiti vyembamba kupindukia, na bakteria akijilaza hapo ngozi yake hunyooshwa hadi ikapasuka. Bakteria mviringo kama stafilokokasi, ambao ngozi yao ni nene, waliweza kuponyoka katika bawa la nyenze, lakini bawa la kereng'ende liliwaua hata wao. Tangu hapo maabara nyingi zinajaribu kuotesha vijiti kama hivyo juu ya titaniamu. Uzuri wake ni kwamba bakteria anaweza kuizoea dawa, lakini si rahisi aizoee miiba. Njia hii, hata hivyo, bado iko maabara.

Koti lisimkabe aliyelivaa

Ukisoma hayo utauliza, basi mbona vyuma vyote havipakwi? Jibu ni kwamba jambo hili lina mitego.

Mtego wa kwanza ni ule wa rungu la kumpiga mwizi likampiga mwenye nyumba. Kitu kinachoua bakteria chaweza pia kuziumiza seli za mfupa. Fedha ikizidi mwilini huweza hata kuigeuza ngozi ya mtu ikawa ya kijivu. Ndiyo sababu wale madaktari wa Münster hawakuipaka fedha ile sehemu ya kiungo inayoingia ndani ya mfupa, bali waliipaka sehemu inayogusana na nyama. Mpako uliowafukuza bakteria na mfupa kwa pamoja haujashinda chochote, maana kiti kimebaki kitupu kikimngoja mwingine.

Mtego wa pili ni nguvu za kazi yenyewe. Msumari hauwekwi kwa upole. Hugongwa kwa nyundo kupita katikati ya mfupa. Mpako dhaifu utakwaruzika na kubanduka, na pale ulipobanduka ndipo bakteria watakapopata upenyo.

Mtego wa tatu ni ushahidi. Ikiwa wanaoambukizwa ni wachache, basi kuonyesha kwamba mpako umewapunguza kutoka 2 hadi 1 kwa kila 100 huhitaji maelfu ya wagonjwa. Yale makundi ya Münster na Birmingham yalikuwa madogo, na wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Matokeo yanatia moyo, lakini hayajafunga mjadala. Vitu vingi huua bakteria vizuri ndani ya kisahani cha maabara, vikashindwa vikifika ndani ya mtu mwenye damu, jasho na kisukari.

Mtego wa nne ni bei, na huu twaujua sote. Wagonjwa wengi waliovunjika nchini mwetu hutiwa misumari ya chuma kisichoshika kutu, si titaniamu iliyopakwa. Ipo hata misumari inayotolewa na shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 kwa ajili ya kuzisaidia hospitali za nchi zisizo na uwezo mkubwa, Kenya ikiwemo. Misumari hiyo imewainua wengi vitandani, na si busara kuidharau kwa sababu haina koti la fedha.

Tena, upo mpako wa bei nafuu ambao madaktari wa mahali pengi duniani huutengeneza kwa mikono. Mwaka 1970 daktari Hans Buchholz wa Hamburg, Ujerumani, pamoja na mwenzake Engelbrecht, waliripoti jinsi walivyoichanganya saruji ya kushikizia vipandikizi na gentamaisini. Kutokana na wazo hilo, leo daktari aliye na mgonjwa mwenye usaha ndani ya mfupa huweza kuchanganya saruji ya aina hiyo na dawa, akauvisha msumari mwembamba humo humo katika chumba cha upasuaji, saruji ikakauka, kisha akauingiza. Dawa hutoka taratibu pale pale penye ugonjwa.

Walinzi wa zamani bado wako kazini

Usije ukadhani, msomaji, kwamba mpako utaondoa haja ya sabuni. Daktari John Charnley wa Uingereza, ambaye katika miaka ya 1960 aliifanya kazi ya kubadilisha nyonga ijulikane ulimwenguni, alihangaishwa sana na maambukizi. Alisafisha hewa ya chumba cha upasuaji, akabadilisha mavazi ya wapasuaji na namna ya kufunga kidonda. Idadi ya walioambukizwa ikashuka kutoka wagonjwa kama 7 katika kila 100 hadi chini ya mmoja. Hapakuwa na mpako wowote juu ya vyuma vyake.

Vivyo hivyo, mwaka 1974 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa viuavijasumu mapema watu waliovunjika mifupa ikatoboa ngozi. Waliokosa dawa waliambukizwa karibu 14 katika kila 100. Waliopewa dawa iliyofaa zaidi waliambukizwa 2 hivi katika kila 100. Kwa hivyo, jamaa yako akivunjika mfupa ukatokeza nje, cha kumwokoa kwanza ni kufikishwa hospitalini haraka, kidonda kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa safi. Usipake majivu, majani wala mafuta, wala usiusukume mfupa urudi ndani.

Na jambo ambalo ningependa likae katika kila nyumba ni hili: muda. Mwaka 1998 madaktari wa Uswisi waliripoti juu ya wagonjwa wenye vipandikizi vilivyoshambuliwa na stafilokokasi, ambao dalili zao zilikuwa hazijapita wiki 3. Walioshwa ndani kwa upasuaji, chuma kikaachwa, wakapewa dawa mbili kwa miezi. Moja ya dawa hizo ni rifampisini, ile inayojulikana kwetu kama dawa ya kifua kikuu, ambayo ina uwezo wa kupenya utando. Wote 12 waliokamilisha matibabu hayo walipona bila ya kung'olewa chuma. Kati ya 12 waliokamilisha matibabu bila rifampisini, walipona 7. Yaani mgonjwa anayewahi aweza kukiokoa chuma chake. Anayechelewa hadi utando ukakomaa, mara nyingi hukipoteza.

Nini humchelewesha mgonjwa wa Nairobi, Mombasa au Kisumu? Mara nyingi ni duka la dawa lililo kona ya mtaa. Kidonda huanza kuvuja, mtu akanunua vidonge vya siku 3, akapata nafuu, akaacha. Wiki mbili baadaye kikavuja tena, akanunua vingine. Dawa hizo huwaua bakteria wanaozurura, homa ikashuka, huku wale walio ndani ya utando wakiendelea kujijenga juu ya chuma. Mbaya zaidi, daktari akichukua usaha kuupima, maabara huenda isione kitu kwa sababu ya vidonge hivyo, na hapo inakuwa vigumu kujua dawa ipi ingewaweza. Vidonge hivyo vya shilingi chache vyaweza kumgharimu mtu mguu wake.

Kwa hivyo, ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwenu anatarajia kutiwa chuma, au amekwisha kutiwa, zingatieni haya.

Kabla ya upasuaji, oga kwa sabuni. Usijinyoe mahali patakapopasuliwa, kwani wembe huacha mikwaruzo ambamo bakteria hujificha. Mwambie daktari kama una jino bovu, jipu au kidonda popote mwilini. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imedhibitiwa, na mvuta sigara aache, kwani sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Mwulize daktari maswali bila woga: Chuma hiki ni cha aina gani? Kina mpako? Kitatolewa au kitakaa maisha? Hutaonekana mjuaji. Majibu yaandikwe katika karatasi za kutokea hospitalini, nazo uzihifadhi pamoja na vyeti vyako vya maana.

Baada ya kurudi nyumbani, angalia dalili hizi: kidonda kinachoendelea kuvuja siku nyingi baada ya kushonwa, maumivu yaliyokuwa yamepungua yakarudi, wekundu na joto kuzunguka kidonda, homa, au kitundu kinachotoa maji au usaha, hata ikiwa ni miezi au miaka imepita. Ukiona hata moja, rudi kwa waliokupasua. Usipitie dukani kwanza. Daktari ndiye atakayechukua sampuli na kuamua dawa ianze lini.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu nao wasifikiri kwamba mambo haya yamekwisha kumalizwa na Wajerumani na Wajapani. Mpako unaoweza kuvumilia nyundo, kuua bakteria bila kuudhuru mfupa, na kuuzwa kwa bei ambayo hospitali ya kaunti inaweza kumudu, bado unatafutwa. Mwenye kupenda kemia, bayolojia au uhandisi ana kazi ya kutosha hapo.

Kwa sasa, msomaji, mashindano ya kiti yanaendelea ndani ya kila aliyetiwa chuma wiki hii. Mpako ukiwepo utasaidia. Usipokuwepo, usafi na kuwahi hospitali vitafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa mfupa wa mtu.